Saa za Kulala za Mama Fulgence

Jumapili, 9 Machi

Leo Fulgence ametimiza siku saba, na mimi nimepata daftari. Ni daftari la maandalio ya masomo la mwaka jana, nusu yake tupu. Nimechana kurasa za hisabati za darasa la nne, na humu ndimo nitakamomwandika mwanangu. Tumengoja miaka sita, mimi na Remigi. Miaka sita ya kuulizwa kwenye jumuiya, "Mwalimu Yasinta, vipi, bado?" Sasa nimewajibu. Ana kilo tatu na nusu, nywele hadi masikioni, na akipiga chafya anakasirika kama mtu aliyeonewa.

Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kwao Namtumbo na kuku wawili, debe la unga na sheria zake. Sheria ya kwanza: sigusi jiko mpaka siku arobaini ziishe. Ya pili: mtoto hatoki nje. Mtoto mwenyewe anamwita "mume wangu", kwa kuwa amechukua jina la marehemu babu yake, na kila asubuhi anamlalamikia kwamba amerudi bila meno. Ni mama mzito, wa mwendo na wa maneno. Nampa maksi sitini kwa mia.

Najisikia vizuri mno. Hii nyumba yetu ya Msamala, hapa Songea, ni vyumba viwili na sebule, lakini leo naiona kubwa kuliko ukumbi wa manispaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala saa mbili tu usiku kucha na nimeamka nimeshiba usingizi. Hakuna aliyeniambia kwamba uzazi unampa mtu nguvu namna hii.

Jumatano, 12 Machi

Nimefua. Nepi, mashuka, mapazia yote, suruali za Remigi chafu na safi. Mama mkwe alikataza jiko, hakutaja beseni. Alipoamka akakuta kamba zote mbili zimejaa na nyingine ya tatu nimeifunga kwenye mpapai. Akasimama mlangoni anajitanda khanga, akanitazama, akatazama kamba.

"Remigi alipata mke," akasema. "Mimi nikizaa nilikuwa nalala kama gunia."

Halafu akampigia simu dada yake kijijini amsimulie habari za mapazia. Nimempandisha mpaka sabini na tano.

Nimepata wazo pia. Tufungue shule ya awali hapa hapa uani. Nimeshachora ratiba, sare na nembo, na nimepanga mitihani mpaka mwaka 2031. Kalamu imeisha wino nikaendelea na penseli. Mikono haifuati kasi ya kichwa, hilo ndilo tatizo langu pekee.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetangaza ubatizo wa Fulgence kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, la walimu, la kwaya na la wateja wa Remigi wanaochomelewa mageti kwake. Ni Jumapili ya tarehe 23. Nimehesabu watu mia moja na arobaini. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Ida, akanipigia hapo hapo.

"Mwalimu, hii ni Kwaresima. Na katekista anasema hajui lolote."

Nikamwambia Mungu hana kalenda ukutani. Akasema haya, atafikiri. Afikiri nini? Remigi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka.

"Sinta, umelala kweli wewe?"

"Nitalala Fulgence akianza darasa la kwanza."

Akacheka tena, ila kidogo. Maksi tisini, kwa sababu anacheka vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Sijalala. Raha tupu.

Jumatatu, 17 Machi

Jirani yetu Zuhura amepita na korosho za kukaanga. Yeye ni mtu wa Nakapanya, mume wake anauza korosho, na kati yetu na wao kuna uzio wa michongoma tu. Amefunga, midomo imemkauka, lakini kazi ya kunichunguza ameiweza.

"Mama Fulgence, usinielewe vibaya," akaanza. "Kila nikiamka kula daku naona taa yako inawaka na wewe uko uani unafua au unafagia. Siku ya sita leo. Hulali, mwenzangu?"

Nikamwambia Ramadhani ni ya kufunga tumbo, si ya kuhesabu taa za watu. Nikamwambia mengine pia, sitayaandika. Akainuka taratibu, akaacha sahani ya korosho mezani, akaondoka bila kugombana. Nimempa sifuri.

Mama mkwe amesema sikufanya vizuri kumjibu hivyo mtu aliyefunga. Halafu akaongeza, "Lakini na yeye amezidi. Mwenye nguvu zake anafanya kazi, kosa liko wapi?" Alhamisi anarudi Namtumbo. Tumbaku inavunwa, na bila yeye shemeji yake hawezi peke yake kulinda moto wa kuikausha. Aende. Sisi wawili tunatosha.

Jumatano, 19 Machi

Fulgence anajua kuhesabu. Nimemuuliza moja kujumlisha mbili akapepesa macho mara tatu. Nimerudia mara kumi na saba. Siwezi kukaa. Kila kitu kinanipendeza mpaka kinaniuma, rangi ya beseni, sauti ya bati. Namwambia Remigi anasema ndiyo, ndiyo, lakini hasikilizi, anatazama mikono yangu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi nyumbani jana kutoka hospitali. Daktari amenishauri niendelee na daftari, ila kila siku nianze kwa kuandika nimelala kwa saa ngapi. Haya: saa nane. Kwa dawa.

Niandike yaliyotokea, maana nikiyaacha kichwani yananisumbua zaidi.

Alhamisi iliyopita mama mkwe aliondoka asubuhi na basi. Remigi alikwenda karakana. Aliondoka kwa shingo upande, nakumbuka, alirudi mara mbili akisingizia kasahau simu. Saa nne mvua ikaanza, ile nzito ya mwisho wa Machi. Nikaiona nzuri. Sina namna nyingine ya kulieleza: niliona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, nikaona ni dhambi mwanangu akose. Nikamvua nguo zote nikatoka naye uani. Nilikuwa nacheka. Nilimwinua juu ili imfikie vizuri. Alikuwa analia, mimi nikasikia anaimba.

Sijui tulikaa pale muda gani. Zuhura anasema si muda mrefu, lakini Zuhura ni mtu wa kupunguza makali. Alisikia kicheko, akachungulia, akapita katikati ya michongoma bila kutafuta mlango. Hakunipigia kelele. Alimchukua Fulgence mikononi mwangu, akamweka kifuani mwake ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi, akajifunga khanga juu yake, na kwa mkono uliobaki akanishika mimi.

"Twende ndani, mama. Twende tu ndani," akawa anarudia.

Midomo ya mwanangu ilikuwa ya bluu. Hilo nimeliona baadaye, kichwani, mara nyingi. Wakati ule sikuliona.

Zuhura akampigia Remigi, akampigia na mama mkwe. Basi lilikuwa halijafika Namtumbo. Mama mkwe akamwambia kondakta asimamishe, akateremka porini na mvua ile, akarudi Songea kwa bodaboda. Tulipokuwa hospitali akaingia ametapakaa tope hadi kwenye kilemba. Fulgence alikuwa ameshapata joto na anakunywa maziwa ya kikombe kwa hasira. Jioni ile ile wakasema mtoto yuko salama. Aliyelazwa ni mimi.

Daktari ni mwanamke wa makamo, anaongea taratibu. Amesema ni ugonjwa, unawapata baadhi ya kina mama wiki za mwanzo baada ya kuzaa, na kwa wengine hauanzi kwa kulia kama watu wanavyofikiri. Unaanza kwa kukosa usingizi na furaha inayopanda tu. Si uchawi, si laana, na si kwamba simpendi mwanangu. Unatibika. Amechagua dawa akijua nanyonyesha, na kila wiki nirudi anione. Nikamuuliza nitapona lini. Akasema wiki kadhaa, pengine miezi, na kwamba usingizi ni sehemu ya dawa, si zawadi ya kupewa baada ya kumaliza kazi.

Sikulia hospitali. Nililia jana nilipoona zile kamba tatu uani.

Jumatatu, 31 Machi

Usingizi: saa saba.

Idd leo. Zuhura amepita kwenye tundu lile lile la michongoma na hotpoti la pilau. Mikononi ana mikwaruzo mirefu iliyokwisha kukauka. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima ya kumwomba radhi, ikapotea yote.

"Nilikupa sifuri," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Ya kuhesabu taa."

Akacheka. Akakaa, akanieleza kwamba yeye kwa mtoto wake wa pili alilia miezi minne, na mama yake kule Nakapanya akawaambia watu ana malaria. "Wallahi, malaria ya miezi minne," akasema. "Ndiyo maana nikiona jambo siwezi kunyamaza tena." Nimeifuta ile sifuri kwa kifutio mpaka karatasi imetoboka.

Jumapili, 6 Aprili

Usingizi: saa saba na nusu.

Mama mkwe hajarudi Namtumbo. Amemtuma Remigi. Mwanaume hajawahi kulinda moto wa tumbaku tangu amalize darasa la saba, amekwenda juzi na begi la shule. Nikamwambia mama, mavuno yako je? Akasema, "Tumbaku ikiungua, mwakani tutapanda nyingine."

Leo baada ya kula alikaa karibu yangu kwenye mkeka. Akanieleza habari za bani, kile kibanda cha udongo ambamo majani yanatundikwa na moto unafukuta chini yake siku nyingi mfululizo. Moto uwe wa moshi, usiwe wa mwali. Ukiwaka, majani yote na bani lenyewe vinakwenda. Kwa hiyo wanalinda kwa zamu, na kwao hakuna mtu anayeruhusiwa zamu mbili mfululizo, hata aape kwamba hana usingizi.

"Hasa akiapa," akasema. "Mtu asiyelala kwanza anachangamka. Anapiga hadithi, anaimba. Halafu anauona moto mdogo, anaongeza kuni. Tumepoteza mabani mawili, yote kwa watu wachangamfu." Akavuta khanga. "Miaka thelathini najua hilo. Wewe ukachangamka mbele yangu siku kumi, mimi nikampigia dada yangu nikusifie."

Nikaegemea bega lake. Nimeacha kumpa maksi, sina kipimo.

Kuanzia leo nyumba hii ina zamu. Sehemu ya kwanza ya usiku ni yangu mpaka saa tano, kisha nalala, mama anambeba mumewe Fulgence na kumpa maziwa niliyokamua. Alfajiri narudi mimi. Zuhura ana zamu ya mchana ya Jumanne na Ijumaa. Anayetoka zamu haulizwi kitu chochote mpaka alale.

Jumatano, 9 Aprili

Usingizi: saa sita na robo.

Remigi amepiga simu. Anasema macho yamekuwa mekundu kwa moshi na shemeji wa mama anamwita "mgeni wa serikali". Jana alitaka kuongeza kuni, wakamfukuza akalale. "Nimekuelewa, Sinta," akasema. "Nilikuwa najisikia naweza kulinda mabani yote ya Namtumbo." Tumecheka wote wawili, yeye huko na mimi huku.

Jumatatu, 14 Aprili

Usingizi: saa nne tu. Nimemwambia mama kabla hajaniuliza. Amefunga mapazia saa tatu asubuhi, nikalala mpaka saa saba.

Jumatano, 16 Aprili

Siku nzito. Mikono mizito, ulimi mzito. Nimemnyonyesha, nimemwogesha, basi.

Jumapili, 20 Aprili

Usingizi: saa saba.

Pasaka. Kanisani ngoma zilipoanza nikasikia furaha inapanda kutoka miguuni, nikaogopa. Niliogopa hasa. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikahesabu: nimelala saa saba, nimekula mihogo na chai, nimemeza dawa. Hesabu ilikuwa sawa na bado moyo ulikuwa unaruka. Sasa nitajuaje furaha ipi ni yangu na ipi ni ya ugonjwa? Kabla ya Machi sikuwahi kuiogopa furaha. Hilo ndilo limenikera kuliko yote, kuliko hata watu wanaonyamaza nikiingia dukani. Nimemnyang'anya mwanangu mama anayecheka, nimempa mkaguzi.

Nitamuuliza daktari. Nimeandika swali kwa herufi kubwa nisije nikaona aibu.

Alhamisi, 24 Aprili

Usingizi: saa nane.

Nimeuliza. Daktari hakunijibu haraka. Akasema furaha ya ugonjwa haikubali kulala, haikubali kuambiwa, inamchukia anayeuliza. "Yako ya Pasaka ilitoka nje ikakaa kwenye ngazi ikajihoji," akasema. Nikacheka mbele ya manesi. Kisha akapunguza dawa kidogo.

Nimetoka pale natembea haraka. Nilitaka kumsimulia kila mtu njiani, mpaka mama muuza nyanya. Nilimsimulia Zuhura tu.

Jumapili, 27 Aprili

Usingizi: saa saba. Fulgence amebatizwa, zaidi ya mwezi mmoja baada ya ile tarehe niliyoitangaza. Watu kumi na mmoja, Remigi kwa simu kutoka kwenye bani, wali na maharage, saa nane tumemaliza kila kitu. Mama Ida amenikumbatia bila kutaja kalenda.

Jumamosi, 10 Mei

Usingizi: saa saba.

Mvua zimekatika, asubuhi kuna baridi mpaka Fulgence anavaa kofia mbili. Remigi amerudi Jumatano na ndevu na harufu ya moshi ambayo sabuni haijaiweza. Tumbaku haikuungua. Anaitangaza habari hiyo kila baada ya nusu saa.

Leo alikuwa ameinama juu ya mtoto anamsimulia jinsi alivyolinda bani, na zile ndevu zikamgusa Fulgence tumboni. Fulgence akacheka. Si tabasamu, tabasamu tunalo siku nyingi. Alicheka kwa sauti, akashtuka mwenyewe kwamba sauti imetoka kwake, akacheka tena. Na mimi nikacheka. Kilianzia tumboni kikatoka chote, machozi yakanitoka, nikajipiga mapaja, nikawa nasema mmesikia, mmesikia.

Kisha nikaona nyumba imenyamaza. Remigi ananitazama. Mama mkwe ameshika mwiko hewani, ananitazama. Nikafunika mdomo kwa mkono.

Mama akaweka mwiko chini.

"Ondoa mkono," akasema.

"Nimelala saa saba, mama. Na nimekula."

"Sijakuuliza. Ondoa mkono, mwanangu. Mimi nakutazama kwa sababu kipindi kile sikukutazama. Huo ni mzigo wangu, si wako. Wewe cheka."

Nilijaribu, ikatoka kilio kwanza. Remigi akaniwekea mtoto mikononi, akarudisha na ndevu tumboni, na mara ya tatu tulicheka wanne. Nimeandika haya mkono unatetemeka kwa raha, nimeuangalia, na nimeuacha utetemeke.

Jumamosi, 17 Mei

Usingizi: saa sita na nusu.

Mama mkwe ameondoka leo. Nilijua tangu Jumatatu, na wiki nzima nimekuwa na mchecheto kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa mbele. Asubuhi alimnyoa mumewe vinywele vya shingoni, akamwambia safari ijayo amkute na meno. Mimi nilimngoja aniachie maagizo. Nilikuwa na penseli tayari. Akafunga kilemba, akanyanyua kikapu, akaniangalia.

"Shikamoo, mama," nikasema, sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Haya, mama Fulgence. Kwaheri."

Ndiyo hayo tu. Hakusema nimeze dawa, hakusema nimwite Zuhura, hakusema mvua. Alipita getini na Remigi akimbebea mzigo, hakugeuka nyuma.

Kwa hiyo sasa ni saa tano asubuhi na tuko wawili, mara ya kwanza tangu siku ile. Remigi atapitia karakana, atarudi saa kumi. Nimekaa kimya kidogo nisikilize kama naogopa. Naogopa kiasi. Chini ya woga kuna kile kitu kingine, kinapanda, na leo sikukitoa nje kukikagua. Nimembeba Fulgence nikamtembeza nyumba nzima nikimwonyesha mali zake: dirisha, redio, baba yake kwenye picha akiwa hana ndevu. Nimemwambia mimi ni mama yake na kazi hii naipenda. Alinisikiliza, akapiga chafya, akakasirika, akasinzia.

Amelala ubavuni mwangu. Vyombo viko vilevile, kamba ziko tupu, nepi zimejaa beseni. Kichwani nina mambo kumi na mawili mazuri ya kufanya, yote leo. Yatangoja, maana macho yanajifumba. Nina furaha na nina usingizi, vyote kwa pamoja. Naweka penseli chini.